Mtundu, muba, myombo, mninga, mkurungu: maswali yanayoulizwa sana kuhusu kuitambua miti ya pori la Tabora na Kigoma

Haya maswali yanatoka kwa wafugaji nyuki wa Sikonge na Urambo, mafundi seremala, vijana wanaosomea misitu, na wengine ni watu tu wamenunua shamba wakakuta miti wasiyoijua. Nimeyaweka pamoja maana kila mtu anauliza lile lile kwa namna yake. Majibu ni ya mtu wa porini, sio ya maabara, ila majina ya kisayansi nimeyaweka pale yanaposaidia.

Kwani lazima nijue tofauti? Si yote ni miti ya porini tu?

Kama unatafuta kivuli tu basi haina shida. Ila kama unataka asali, mbao, kamba ya gome, mbegu za kuotesha au kibali cha kuvuna, hapo jina la mti ndo kila kitu. Mtu anayeuza mbao za mkurungu akiziita mninga anamdanganya mteja, na sheria inamwangalia pia, tutafika huko mbele.

Nimesimama mbele ya mti nisioujua, naanzia wapi?

Anza na jani, na kabla ya jani jua jani ni lipi, maana hapa ndo wengi wanapotea. Miti yetu mingi ya miombo, yaani pori la mtundu, myombo na wenzao, jani lake limegawanyika, yaani kile unachokiona kidogo kidogo ukadhani ni jani, kumbe ni kijani (jani dogo, sio rangi) kimoja tu kati ya vingi vilivyokaa kwenye uti mmoja, na jani lenyewe ni uti wote pamoja na vijani vyake. Utajuaje? Angalia pale kinaposhikia. Jani zima lina kichipukizi, yaani kile kifundo kidogo kwapani mwake pale linapokutana na tawi, kijani hakina hicho kitu. Chuma sasa jani zima kuanzia kwenye kifundo, usichume kijani kimoja halafu ukaniletea ukisema huu mti gani, hapo hata profesa atabaki anakuangalia.

Ukishalishika jani zima angalia mambo matatu kwa mpangilio huu. La kwanza ni nchani: uti unaishia na kijani kimoja peke yake, au unaishia na viwili vilivyotazamana? La pili ni jinsi vijani vilivyokaa: vimetazamana mbili mbili au vinapishana, kimoja kulia juu kidogo, kingine kushoto chini kidogo? La tatu ni idadi, na ukubwa: jozi ngapi, na jozi ipi ndo kubwa kuliko nyingine.

Hilo la kwanza peke yake linagawa pori lote mara mbili. Mtundu, muba, myombo na mkora vyote vinaishia na viwili, na vijani vinatazamana. Mninga na mkurungu vinaishia na kimoja, na vijani vinapishana, ingawa pengine vinakaribiana sana mpaka unadhani vimetazamana. Ukishajua upo upande gani, nusu ya kazi imeisha, kilichobaki ni kuhesabu tu.

Na chuma majani zaidi ya moja, ya matawi tofauti. Chipukizi zinazotoka kwenye kisiki kilichokatwa zinakuwa na majani makubwa ajabu na idadi haifuati utaratibu, hizo usizitumie kabisa.

Mtundu na muba vinanichanganya. Ni mti mmoja au miwili?

Ni miwili, na hata jenasi, yaani ukoo, ni tofauti, japo inasimama bega kwa bega kwenye pori lile lile na kwa mbali ina umbo moja. Mtundu ni Brachystegia spiciformis, muba ni Julbernardia globiflora. Wote wana jozi chache za vijani, nne, tano hivi, mtundu wakati mwingine tatu, muba pengine sita, kwa hiyo ukihesabu tu utakwama hapo.

Angalia jozi kubwa. Kwenye mtundu jozi ya mwisho, ile ya nchani, ndo kubwa kuliko zote, na kadiri unavyorudi kwenye shina la jani vijani vinapungua. Kwenye muba jozi kubwa ni ya katikati, ya nchani inapungua tena. Ukishaiona mara moja huisahau, weka majani mawili chini kwenye mchanga moja kando ya lingine utaona mwenyewe jani la mtundu limepanuka mwishoni na la muba limenenepa tumboni. Kisha pandisha kijani cha muba kwenye mwanga uangalie ukingo wake, una vinyweleo laini vidogo vimezunguka pembeni yote, kama una miwani ya kusomea ivae. Mtundu uliokomaa kwa kawaida ukingo wake hauna vinyweleo hivyo.

Dalili ya pili ni maganda. Muba unabeba maganda yake juu kabisa, yanatokeza nje ya majani, ya rangi ya kahawia na ukiyashika yana manyoya laini kama mahameli, kwa hiyo wakati wa kiangazi ukisimama kwenye kilima kidogo ukatazama pori kwa juu, miti yenye vilele vya kahawia mingi ni muba. Mtundu maganda yake yanajificha katikati ya majani, hayana manyoya, ni magumu kama ubao na meusi meusi kidogo. Yote mawili yanapasuka kwa nguvu yakikauka, yale magamba mawili yanajisokota na mbegu inarushwa mbali na mti mama, na jua kali la mchana unasikia pa! pa! porini, wageni wanaogopa. Kwa hiyo magamba yaliyojisokota chini ya mti hayakwambii kama ni mtundu au muba, ila manyoya yake ndo yanakwambia.

Dalili ya tatu ni maua, na hii mfugaji nyuki ndo anaipenda. Ya mtundu ni madogo, ya kijani kijani yenye nyuzi nyeupe, yamebanana kwenye shada fupi, na yana harufu. Ya muba yako kwenye shada kubwa lililotawanyika juu ya kilele, vichipukizi vyake vya maua vina rangi ya kahawia.

Kwa wale wa upande wa Kigoma, mkiwa mnaelekea Uvinza na kushuka Katavi, kuna ndugu yake muba, Julbernardia paniculata, vijani vyake ni vikubwa zaidi na jozi ni chache, mara nyingi tatu au nne. Ukikutana na muba wenye majani makubwa yasiyo ya kawaida, fikiria huyo kwanza kabla hujasema mtundu.

Na myombo?

Huo ndo rahisi kuliko yote. Myombo ni Brachystegia boehmii, na jani lake lina jozi nyingi za vijani vyembamba, kuanzia kumi na kitu mpaka ishirini na kitu, vimebanana, na majani yananing'inia kuelekea chini. Mtundu na myombo ni wa jenasi moja lakini ukiwaona majani yao hudhani. Gome la myombo ndo lile watu wanabandua kamba za kufungia mizigo na nyumba, ukikuta mti umechunwa chunwa na wachunga ng'ombe kuna uwezekano mkubwa ni huo.

Kwenye vilima vya mawe naona myombo wenye vijani vidogo sana, ni mchanga bado?

Hapana, huo una jina lake, Brachystegia microphylla, unapenda miamba. Vijani ni vidogo sana na jozi ni nyingi kuliko za myombo. Umri hauhusiki.

Mwezi wa tisa pori linakuwa jekundu, hiyo ni miti gani?

Hili swali linakuja kila mwaka na picha za machweo juu. Jibu ni kwamba sio mti mmoja. Kabla mvua hazijaanza, mwezi wa nane mpaka wa kumi, miombo inachipua majani mapya kwa maji iliyohifadhi na mizizi yake ya chini sana, na majani hayo yanatoka yakiwa mekundu, ya shaba, mengine ya waridi, kwa sababu ya rangi iliyomo kwenye jani changa, halafu baada ya siku chache yanageuka kijani. Mtundu ndo unaonekana zaidi kwa wekundu wake, lakini myombo na muba nao wanafanya hivyo hivyo, na hata miti miwili ya mtundu iliyosimama pamoja mmoja unakuwa mwekundu damu na mwingine kahawia mpauko. Rangi ya majani machanga usiitegemee kabisa kumtambua mti. Piga picha ufurahi, halafu subiri majani yakomae ndo uhesabu jozi.

Mninga na mkurungu natofautishaje? Wote wakikatwa si wanatoa damu?

Wanatoa, ndiyo, na hapo ndo penye tatizo. Watu wamezoea kusema "chanja gome, ukiona utomvu mwekundu basi ni mninga", lakini utomvu mwekundu ni wa jenasi nzima ya Pterocarpus, kwa hiyo umejua ukoo, hujajua mtu. Na mwisho wa siku mti umeujeruhi bure.

Mninga ni Pterocarpus angolensis. Jani lake ni refu, lina vijani vingi, kuanzia kumi na moja hivi kwenda mpaka kumi na tisa na pengine zaidi, vinapishana, kimoja kimesimama nchani, na majani yote yananing'inia. Gome la mninga mkubwa ni jeusi jeusi, gumu, limepasuka mistari ya wima. Maua ni ya njano iliyoiva, yana harufu nzuri, yanatoka karibu na mvua na yanapukutika haraka, ukichelewa wiki chache unayakuta chini. Tunda ndo kitambulisho chake cha kudumu: duara bapa, katikati kuna uvimbe wenye mbegu uliojaa miiba laini inayochoma vidole, na pembeni kumezunguka bawa jembamba lenye mawimbi. Matunda haya yanabaki mtini muda mrefu hata majani yote yakishapukutika.

Mkurungu ni Pterocarpus tinctorius, vitabu vya zamani vinauita chrysothrix. Vijani vyake ni vichache kuliko vya mninga na ni vipana zaidi, hiyo ndo tofauti ya kwanza ya kuangalia na kwa kweli ndo ya kuaminika ukiwa chini ya mti. Tunda nalo lina bawa, kwa hiyo tunda lisikufanye ukaruka moja kwa moja kusema mninga. Ukishakatwa hakuna ubishi tena maana mbao yake ni nyekundu kweli kweli, wekundu uliowaleta wafanyabiashara kutoka mbali wakauvuna bila huruma huku magharibi.

Kuna wa tatu ambaye watu wanamsahau, Pterocarpus rotundifolius. Huyu vijani vyake ni vichache sana, vitatu mpaka saba, vikubwa na vya mviringo, na tunda lake katikati halina miiba, ni laini. Ukikuta tunda la bawa unalipapasa na halichomi, anza kumfikiria huyu.

Nilisikia mkurungu hauruhusiwi kusafirishwa nje, ni kweli?

Haujapigwa marufuku moja kwa moja, ila unahitaji vibali. Mwaka 2019 mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliofanyika Geneva uliuingiza mkurungu kwenye Kiambatisho cha Pili, maana yake biashara ya kimataifa lazima iwe na kibali kinachoonyesha uvunaji hauhatarishi mti wenyewe. Mwaka 2022 kule Panama wakaenda mbali zaidi, Pterocarpus zote za Afrika na Afzelia zote za Afrika zikaingia, kwa hiyo mninga na mkora nao wamo. Na hiyo ni ya nje ya nchi, ndani ya nchi kuna utaratibu wa TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, wa vibali vya uvunaji na usafirishaji, waulize ofisi yao ya wilaya kabla hujakodi lori.

Fundi ananiambia kitanda ni cha mninga, nitajuaje wakati jani halipo?

Kwa mbao kavu iliyopakwa vanishi, ni ngumu, nisikudanganye. Mninga rangi yake inacheza, kuna wa kahawia mpauko, kuna wa dhahabu, kuna wenye michirizi ya wekundu, inategemea ulikoota. Omba kuona kipande ambacho hakijapakwa kitu, au angalia chini ya kitanda na nyuma ya ubao wa kichwani ambako mafundi hawahangaiki na vanishi. Ikiwa nyekundu tupu mwanzo mwisho, uliza vizuri, huenda ni mkurungu. Na mbao nyeupe nyeupe ya pembeni ya gogo haina uimara wa ile ya moyo, hata kama mti ni mninga halali, hapo ndo watu wengi wanaibiwa na wala sio kwenye jina la mti.

Mkora ndo huo huo mbambakofi?

Ndiyo, Afzelia quanzensis, pwani wanasema mbambakofi, kusini wanasema mkongo, huku kwetu mkora au mkola. Jani linaishia na viwili, jozi nne mpaka sita hivi, vijani ni vipana, vinang'aa, na kile kikonyo kifupi cha kila kijani kimejipinda kidogo, kipapase utasikia. Mtu anaweza kuuchanganya na mtundu kwa jani, ila gome linawatenganisha: la mkora linabanduka magamba ya mviringo na kuacha mabaka ya rangi nyepesi. Ua lake ni la ajabu, lina petali moja tu kubwa yenye wekundu, zingine hazipo. Na ganda ni nene, gumu, ndani mbegu nyeusi zinazong'aa zenye kofia nyekundu ya machungwa, zile zinazotengenezewa shanga na mapambo. Ukiiona hiyo mbegu chini ya mti, acha kuhesabu vijani, kazi imeisha.

Kuna mti unafanana na mninga kwa mbali, ila maganda yake yananing'inia mengi pamoja na ni bapa. Ni nini?

Inawezekana ni Burkea africana, wengi Tabora wanauita mgando. Jani lake limegawanyika mara mbili, yaani uti una matawi, na vijani viko kwenye hayo matawi, mninga limegawanyika mara moja tu. Angalia pia ncha za matawi machanga, zina manyoya ya rangi ya kutu, hiyo haifichiki hata kiangazi. Maganda hayana bawa la mviringo, ni bapa na kila moja lina mbegu moja.

Kama jani limegawanyika mara moja na linaishia na kimoja kama mninga, lakini ganda ni refu bapa badala ya duara, mtafute Pericopsis angolensis.

Gome si linatosha? Babu yangu anatambua kwa gome tu.

Babu yako ameuona huo mti akiwa mtoto, akiwa kijana, ameuchoma mkaa, ameuchongea mzinga, anajua mpaka mlio wa shoka. Shikamoo yake. Wewe na mimi gome linatudanganya kwa sababu mtundu mchanga una gome laini la kijivu na mtundu mzee lina magamba magumu, ni mti ule ule, na moto wa kila mwaka unaunguza gome la chini mpaka kila mti unakuwa mweusi mita moja kutoka ardhini. Gome litumie kuthibitisha, usilitumie kuamua. Kwa mkora tu ndo ningekubali kuanza na gome.

Kiangazi mti hauna hata jani, nifanyeje?

Tazama chini kabla ya kutazama juu. Majani makavu ya mwaka huo yapo chini ya mti, ila vijani vinakuwa vimeachana na uti, kwa hiyo tafuta jani lililokauka likiwa zima, yapo kama moto haujapita. Kisha magamba ya maganda: yenye mahameli ya kahawia ni ya muba, magumu yasiyo na manyoya ni ya mtundu au wenzake, tunda la bawa lenye miiba ni la mninga au mkurungu. Angalia na mtini kwenyewe, mninga mara nyingi utakuwa bado umening'iniza matunda yake. Jihadhari na upepo lakini, matunda yenye mabawa yanasafiri, tunda moja chini sio ushahidi, mrundikano ndo ushahidi.

Mimi nafuga nyuki, naomba nijue ipi inatoa maua lini.

Kwa kifupi, mtundu na myombo wanachanua kwenye joto kabla ya mvua na mwanzoni mwa mvua, muba unafuata baadaye mvua zikiwa zimeshakolea na kuendelea, na ile Julbernardia ya majani makubwa inachelewa zaidi, mvua zikiisha. Ndo maana pori lenye mchanganyiko lina thamani kuliko pori la mti mmoja, nyuki wanapata chakula kwa kupokezana. Kabla hujatundika mizinga zunguka eneo ukihesabu mtundu na muba ni kiasi gani, hiyo itakusaidia kujua uvune lini kuliko kalenda ya jirani ambaye pori lake ni lingine. Mwaka ukiwa na mvua mbovu yote haya yanasogea mbele au nyuma, kwa hiyo nenda ukaangalie vichipukizi vya maua mwenyewe.

Na jamani, mizinga ya magome. Gome likibanduliwa kuzunguka mti mzima, mti unakufa, na mara nyingi unaobanduliwa ni mtundu au muba, yaani ule ule unaolisha nyuki. Pale Tabora kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki, nenda kaulize mizinga mingine ya kutengeneza, hawaumi.

Uyoga unaweza kunisaidia kujua mti?

Kidogo, na napenda hili swali. Mtundu, myombo, muba, na mkora pia, mizizi yao inashirikiana na kuvu wa ardhini, kuvu wanaupa mti maji na madini na mti unawapa sukari, na mvua zikishika wale kuvu ndo wanatoa uyoga ambao mnauona akina mama wanauza kwenye ndoo barabarani kuelekea Kigoma. Mninga hauna ushirika wa aina hiyo, wenyewe una vinundu vya bakteria kwenye mizizi vinavyokamata naitrojeni, kama maharage. Kwa hiyo pori lenye uyoga mwingi wa kuliwa ni pori la mitundu na wenzake. Ila mizizi inasambaa na kuingiliana, uyoga ulioota chini ya mninga unaweza kuwa ni wa mtundu ulio hatua kadhaa pembeni. Na usile uyoga kwa sababu umesoma hapa, fuata mama anayeujua.

Aplikesheni za simu za kutambua mimea zinafaa?

Zinafaa kukupeleka kwenye ukoo. Kwenye spishi za Brachystegia zinababaika, maana picha nyingi zilizofundishiwa ni za mimea ya Ulaya na Marekani, na hata wataalamu wenyewe wanakiri hizi Brachystegia zinachanganya kizazi, unakuta mti uko katikati ya aina mbili. Ikikwambia Pterocarpus, sawa, amini, halafu wewe hesabu vijani.

Nikitaka mtu anisaidie, nipige picha gani?

Sio ya mti mzima peke yake jamani, hiyo mnayotuma kila siku ni ya kivuli tu. Piga jani zima limelazwa kwenye kitu cha rangi moja, karatasi au shuka, ncha ionekane na kifundo kionekane. Geuza upande wa chini piga tena. Piga ganda au tunda, likiwa na kidole chako pembeni ili ukubwa ujulikane. Gome kwa karibu. Ua kama lipo. Ndo umalizie na mti mzima. Andika kijiji, mwezi, na ni bondeni, mchangani au kwenye mawe.

Ukiwa unataka jibu la uhakika kabisa, kausha tawi dogo lenye majani na maua au matunda, ulibane katikati ya magazeti chini ya kitu kizito, ubadilishe magazeti kila siku mpaka likauke, uandike karatasi ya maelezo. Kuna herbaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya taifa Arusha na nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huko ndo wana sampuli za kulinganishia. Tawi lisilo na ua wala tunda watalipokea kwa heshima tu.

Majina ya Kigoma na ya Tabora hayafanani, nifuate lipi?

Tumia la mwenyeji wako ukiwa naye, andika la kisayansi kwenye daftari. Kwenye kibali na kwenye mbegu za kununua, la kisayansi tu.

Nimeotesha mninga, mvua ziliposhika ukatoka vizuri, kiangazi ukakauka wote. Umekufa?

Pengine haujafa. Mninga mchanga una tabia hii, shina la juu linakufa kila kiangazi na mzizi unabaki hai chini unanenepa, mvua zikirudi unachipua tena, na unarudia hivyo miaka kadhaa mpaka mzizi uwe na nguvu za kusukuma shina litakalovuka moto na ukame. Watu wengi wanang'oa mwaka wa kwanza au wa pili wakidhani wamepata hasara. Weka alama ya mti au jiwe pale ulipopanda, zungushia barabara ya moto, yaani ukanda uliofyekwa ili moto usivuke, usilime hapo, na chipukizi likitoka angalia kama vijani vinapishana na kimoja kiko nchani, maana pembeni yake kutakuwa na vichipukizi vya muba vinavyotoka kwenye visiki na utajikuta unamwagilia muba.